Mtoto Wako Anajifunza Nini Siku ya Michezo?

Somo: 1 Wakorintho 9:24-27, 2 Timotheo 2:5, Luka 3:21-22

Barua ikitoka shuleni kwamba Ijumaa ni siku ya michezo, wengi wetu huuliza maswali mawili: ni pesa ngapi, na je, wangu atakuwa namba ngapi? Leo naomba tuongeze la tatu: atarudi nyumbani amejifunza nini?

Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za kupiga mbio, hakutafuta mfano wa mbali. Karibu na mji wao ndipo ilipofanyika michezo ya Isthmia, kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Majani, wapendwa! Siku chache tu yamekauka. Lakini Paulo hakuwacheka wale wanariadha. Alitaka tuone jinsi walivyojitawala. Basi hata uwanja wa shule ni darasa.

1. Mtoto anajifunza kushika kanuni

Kwenye mbio za kijiko na yai, hata mtoto wa gredi ya kwanza anajua kwamba kulishika yai kwa kidole gumba ni kuiba. Sasa mzazi akipiga kelele kutoka pembeni, "Shika tu, mwalimu haoni!" hapo somo limebadilika. Na yule anayemkata mwanawe umri ili akimbie na wadogo anamfundisha kusema uongo kwa karatasi. Paulo alimwambia Timotheo wazi kwamba taji si la mtu anayevunja kanuni.

Desemba 2012 kulikuwa na mbio za nyika huko Burlada, Hispania. Mkenya mwenzetu Abel Mutai, aliyekuwa amepata shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya London mwaka huohuo, alikuwa akiongoza. Akapunguza mwendo kabla ya mstari, akidhani amemaliza. Nyuma yake alikuwa Mhispania Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita na kuchukua ushindi. Hakumpita. Lugha ilikuwa shida, kwa hiyo akamwonyesha kwa mikono aendelee mbele, naye akamaliza wa pili. Mtoto wako angefanya nini? Angefanya vile ameona nyumbani.

2. Mtoto anajifunza kushindwa bila kuvunjika

Mwaka 2012 Eliud Kipchoge alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki. Mwaka uliofuata akaingia marathoni, akashinda ile ya kwanza huko Hamburg, na baadaye dhahabu ya Olimpiki mara mbili. Huo ni ushuhuda mzuri, lakini tusiwadanganye watoto. Si kila aliye wa mwisho leo atakuwa Kipchoge kesho. Wengine wetu tulikuwa wa mwisho shuleni na kwa mbio bado ni wa mwisho, na Mungu hajatuacha!

3. Mtoto anajifunza yeye ni nani kwako

Hili ndilo kubwa. Kuna siku nilikaa pembeni ya uwanja na watoto wetu wa shule ya Jumapili. Msichana mmoja mdogo alimaliza wa mwisho kabisa. Hakuwatazama waliomshinda. Alizungusha macho kumtafuta mamake, na mama alikuwa amesimama akipiga makofi na vigelegele kama aliyeona medali. Mtoto akacheka, akamkimbilia. Mbio zilizofuata, kijana mmoja akawa wa pili. Babake akamuuliza, "Kwani huyo wa kwanza hula nini ambacho wewe huli?" Kijana akakunja cheti chake, akakitia mfukoni. Hebu fikiria: wa mwisho alicheka, wa pili akalia.

Wapendwa, pale Yordani Baba alitamka kutoka mbinguni kwamba amependezwa na Mwanawe. Alitamka lini? Kabla Yesu hajafanya muujiza hata mmoja. Kabla ya jangwa, kabla ya umati. Upendo ulitangulia kazi. Mtoto anayejua kwamba anapendwa kabla ya filimbi kulia atakimbia kwa nguvu zake zote, manake hana cha kuogopa akifika nyuma. Anayefikiri upendo ni zawadi ya namba moja atadanganya ili aupate, ama ataacha kukimbia kabisa.

Kwa hiyo mzazi, ukiweza, fika. Kama kazi haikuruhusu, jioni keti naye akusimulie. Swali la kwanza lisiwe "Ulikuwa namba ngapi?" Muulize, "Ulifurahia nini? Ulimsaidia nani?"

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni maneno gani ya mzazi au mlezi baada ya mashindano ambayo bado unayakumbuka?
2. Watoto wetu wanatuona tukishika kanuni wapi, na tukizivunja wapi?

Ombi: Baba, utupe midomo ya kuwajenga watoto wetu, washinde wasishinde. Katika jina la Yesu, amina.