Somo la Afya: Kitovu Kilichotokeza, Tusifunge Sarafu

Leo tunajifunza juu ya jambo linalowasumbua akina mama wengi huku kwetu, tangu Kitale hadi Bungoma. Ni kitovu cha mtoto kinachotokeza nje, hasa akilia. Huitwa ngiri ya kitovu.

Katika kutembelea nyumba tulikutana na mama mwenye mtoto wa miezi 4. Alipomfungua nguo tuliona shilingi tano imekazwa juu ya kitovu kwa kitambaa. Chini yake ngozi ilikuwa imechubuka, na imeanza kunuka. Nyanya ya mtoto alikuwa akimlaumu mkunga, ati alikata kitovu vibaya. Maneno yalikuwa mengi nyumbani.

Kumbe si kosa la mkunga wala la mama. Mtoto akiwa tumboni, kamba ya kitovu hupita katika tundu dogo kwenye misuli ya tumbo. Akishazaliwa, tundu hilo hujifunga. Kwa wengine huchelewa, hasa waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Mtoto akilia au akikohoa, utumbo husukumwa hapo. Akitulia, hurudi.

Kwa watoto wengi tundu hujifunga lenyewe kabla ya miaka 4 au 5. Sarafu haiharakishi kitu; inaleta kidonda tu. Kama umri huo umepita, au tundu ni kubwa sana, daktari ataamua kama atafanyiwa upasuaji.

Basi tufanye nini?

1. Osha kitovu, kausha, acha bila kufunga. Kwa mtoto mchanga ambaye kitovu hakijapona, usipake majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Vyaweza kuleta pepopunda.

2. Mwonyeshe muuguzi siku ya chanjo.

3. Kimbia hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona uvimbe umekuwa mgumu na haurudi ndani, unauma ukiguswa, umebadilika rangi, au mtoto anatapika na tumbo limejaa. Hutokea mara chache, lakini ni hatari: utumbo uliobanwa hukosa damu na kuoza. Usiusukume kwa nguvu.

4. Uvimbe wa kinenani au kwenye korodani huenda ukawa ngiri nyingine. Hiyo haingojewi. Mpeleke mtoto kwa daktari mapema.

Yule mama alitoa sarafu, akaenda zahanati, na kidonda kikapona. Kitovu bado kinatokeza, lakini mtoto anacheza na kunyonya vizuri. Nyanya naye sasa ndiye anayewaambia majirani wasifunge.

Maswali ya kikundi:
- Kwetu watu husema ngiri ya kitovu inaletwa na nini?
- Ni dalili gani zinatufanya tusingoje kesho?
- Usiku wa dharura, nani kijijini ana pikipiki au gari la kutufikisha hospitali?