Uvimbe wa Taya kwa Mtoto: Si Kila Mara Ni Jino

Somo la afya kwa wazazi, walezi na wahudumu wa afya ya jamii katika Kaunti ya Busia

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka sita anaamka Jumatatu shavu la kushoto likiwa limevimba kidogo. Halalamiki sana. Mama anamtazama mdomoni, anaona jino moja linacheza, anasema ni meno ya utoto yanataka kung'oka. Baada ya siku nne shavu limeongezeka. Mtoto anapelekwa kituo cha karibu na kupewa dawa ya kuua viini na ya kutuliza maumivu. Wiki ya pili jino linang'olewa, lakini uvimbe haupungui. Sasa meno matatu yamelegea na jicho la upande huo limeanza kusukumwa nje. Jirani mmoja anasema mtoto amerogwa, mwingine anamjua mzee wa miti shamba. Wiki ya nne mtoto anafika hospitali ya rufaa akiwa hawezi kula, na figo zake zimeanza kulemewa.

Katika mfano huu hakuna aliyemtakia mtoto mabaya. Kila mmoja alifanya alilolijua. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza mapema: je, kama si jino?

Ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya watoto. Ni ugonjwa adimu, kiasi kwamba muuguzi wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao. Lakini sisi tunaoishi karibu na Ziwa Victoria tuna sababu ya kuujua kuliko watu wa nyanda za juu, kwa kuwa ukanda wetu ni miongoni mwa maeneo ya dunia ambako huonekana zaidi.

Ni ugonjwa gani?

Mwili una seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kupambana na viini. Katika ugonjwa huu, seli moja ya aina hiyo huharibika ndani ya chembechembe zake za urithi na kuanza kujigawa bila breki. Seli za uvimbe huu zinaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja hadi mbili. Ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote zinazompata binadamu. Ndiyo maana hapa tunahesabu siku, si miezi.

Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 4 na 7, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Mara nyingi huanzia kwenye taya au tumboni.

Kuna habari njema pia. Kwa sababu seli hizi zinajigawa kwa kasi, dawa za saratani huzipata kwa urahisi. Katika nchi tajiri, takribani watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Katika hospitali za ukanda wetu wanaopona ni wachache kuliko hapo, na sababu mbili kubwa ni kuchelewa kufika na kuacha tiba njiani. Zote mbili tunaweza kuzipunguza.

Ulivyotambuliwa hapa jirani

Jina la ugonjwa linatokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano ambaye taya zake zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuweza kulieleza jambo hilo, kwani jipu la jino haliwezi kushika pande zote nne kwa pamoja. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, mji ulio kwenye barabara hii yetu ya kwenda Kampala, alimwona kupitia dirishani mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Alipomkagua, alikuta na uvimbe tumboni.

Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu ya siku moja. Wawili walimfanya afungue kumbukumbu za hospitali na kuuliza kwingine. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake. Mwaka 1961, yeye na madaktari Edward Williams na Clifford Nelson walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, safari ya takribani kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wamewahi kuwaona watoto wa namna hiyo. Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa katika maeneo yenye joto na mvua, na ulikosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ilifanana sana na ramani ya malaria.

Mwaka 1964, watafiti Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waligundua kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi kinachoitwa Epstein-Barr hadi leo. Karibu watu wazima wote duniani wanacho mwilini bila kuugua saratani. Wataalamu wanaeleza kwamba pale mtoto anapoambukizwa kirusi hicho akiwa mdogo, huku malaria ikimrudia mara kwa mara na kuvuruga kinga yake, hatari ya seli kuharibika huongezeka. Hata hivyo, watoto wengi sana hupata vyote viwili na wasiugue.

Somo la Burkitt linatuhusu sote: alimtazama mtoto, akakubali kwamba maelezo ya kawaida hayatoshi, akauliza.

Dalili za kuangalia

Uvimbe mwingi wa shavu si saratani. Jipu la jino huja na maumivu makali, mara nyingi jino lililooza linaonekana, na hali hupata nafuu jino likitibiwa. Matubwitubwi huvimbisha sehemu ya chini ya sikio na huisha yenyewe kwa muda wa wiki moja hivi. Shuku zaidi unapoona mambo haya:

- Uvimbe wa taya au shavu unaokua kwa siku chache, hata kama hauumi.
- Meno kadhaa kulegea pamoja, hasa meno yasiyooza, au ufizi kuvimba.
- Jicho kusukumwa nje au mtoto kuanza kuona vitu viwili viwili.
- Tumbo kuvimba au kuwa na kitu kigumu unapolishika, pamoja na maumivu au kutapika.
- Homa isiyo na sababu inayojulikana, jasho la usiku na kukonda.
- Miguu kukosa nguvu au mtoto kushindwa kukojoa. Hii ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa sababu uvimbe unaweza kuwa unabana uti wa mgongo.

Kwa wahudumu wa afya, kanuni ni rahisi: uvimbe wa uso wa mtoto usiopungua baada ya dawa usipewe tu dawa nyingine. Mtoto apewe rufaa. Na kama meno kadhaa yanacheza kwa pamoja, yasing'olewe kabla daktari hajaangalia kilicho nyuma yake.

Hospitalini watafanya nini?

Wazazi wengi huogopa vipimo kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda.

Kwanza, daktari huchukua sampuli kutoka kwenye uvimbe, kwa sindano nyembamba au kwa kukata kipande kidogo. Kukata kipande hakusambazi saratani. Bila sampuli hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha ugonjwa, kwa kuwa macho peke yake hudanganya. Mtaalamu wa maabara huiangalia kwa hadubini. Seli za Burkitt zikisongamana huonekana nyeusi, na katikati yake kuna madoa meupe, ndipo madaktari wakaufananisha mwonekano huo na anga ya usiku yenye nyota.

Pili, hutafutwa ugonjwa umefika wapi. Mtoto hupigwa picha ya tumbo ya ultrasaundi, hutolewa damu kupima figo, ini, malaria na virusi vya Ukimwi, na huchukuliwa uboho wa mfupa pamoja na maji kidogo ya uti wa mgongo. Kila kipimo kina kazi yake, kwa maana mtoto mwenye ugonjwa wa taya pekee hatibiwi sawa na yule ambaye ugonjwa umemfika kwenye ubongo.

Saratani za watoto hutibiwa katika hospitali kubwa za rufaa za ukanda huu, ikiwemo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret na ile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu. Anza katika kituo kilicho karibu nawe, kisha uombe barua ya rufaa.

Matibabu yenyewe

Upasuaji wa kuondoa taya si tiba ya ugonjwa huu. Tiba ni kemotherapi, yaani dawa za kuua seli za saratani. Nyingi hupitia kwenye mshipa, na nyingine huingizwa kwa sindano ya mgongoni ili kulinda ubongo. Zinazotumika sana ni saiklofosfamidi, vinkristini na methotreksati. Hutolewa kwa awamu, na mtoto hupumzika kati ya awamu moja na nyingine.

Kabla ya dawa, mtoto huwekewa maji mengi ya dripu na kupewa dawa ya kulinda figo. Sababu yake ni hii: uvimbe ukianza kufa, seli nyingi mno hupasuka kwa pamoja na taka zake huingia kwenye damu. Figo zisipooshwa kwa maji, zinaweza kuziba. Ndiyo maana muuguzi atakuomba upime mkojo wa mtoto kila unapotoka. Usilichukulie kama jambo dogo; hapo unayalinda maisha ya mwanao.

Nywele zitatoka, na zitaota tena. Vidonda vya mdomo vinaweza kutokea. Kubwa zaidi, kinga ya mwili itashuka kwa muda. Mtoto aliye kwenye tiba akipata homa, usimpe dawa ya maumivu ukasubiri asubuhi. Mrudishe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Uvimbe ukiyeyuka, tiba haijaisha

Hapa ndipo tunapowapoteza watoto ambao tayari walikuwa wamefika. Baada ya awamu ya kwanza, uvimbe unaweza kuyeyuka kwa siku chache tu. Uso unarudi, mtoto anacheka, anaomba chakula. Nyumbani kuna watoto wengine, shamba linasubiri, na nauli imekwisha. Mzazi anaona mtoto amepona, anaondoka.

Lakini seli chache zilizobaki hazionekani kwa macho, na zinaongezeka kwa kasi ile ile. Ugonjwa ukirudi, huwa mgumu zaidi kutibu. Hatari ya kurudi ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza, kwa hiyo hata baada ya awamu zote kwisha, tarehe za kliniki zifuatwe.

Kama tatizo ni fedha au nauli, sema kabla ya kuondoka. Muulize afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali msaada uliopo. Sajili familia yako katika SHA mapema kwa kupiga *147# na uhakikishe michango imelipwa, ili usianze kuhangaika siku ya kulazwa.

Maswali ambayo wazazi huuliza

*Je, unaambukiza?* La. Mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza kula, kucheza na kulala na wenzake.

*Je, ni laana au uchawi?* La. Ni seli iliyoharibika. Familia haikukosea mtu.

*Je, tunaweza kutumia miti shamba kwanza?* Kila wiki inayopita uvimbe unakua. Kuchanja au kuchoma uvimbe huleta vidonda na kuchelewesha tiba. Mwambie daktari chochote ambacho mtoto amepewa. Lengo ni kumlinda, wala si kukulaumu.

*Je, kuna chanjo?* Hakuna chanjo ya kirusi cha Epstein-Barr. Lakini kupunguza malaria ni jambo tunaloweza kufanya, na malaria yenyewe inaua. Mtoto alale ndani ya neti kila usiku, na apate chanjo ya malaria akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24.

Jipime

Soma maswali haya pamoja na watu wa nyumbani kwako au katika kikao cha kijiji.

1. Mtoto ana meno manne yanayocheza na shavu linaongezeka kila siku. Utafanya nini wiki hii?
2. Kwa nini sampuli ya uvimbe ni lazima kabla ya kuanza dawa?
3. Kwa nini mtoto hupewa maji mengi ya dripu?
4. Jirani yako amerudi na mtoto baada ya awamu moja kwa kuwa uvimbe umeisha. Utamwambia nini?

Ukiweza kujibu la kwanza na la nne bila kurudi juu, umeshika somo. Ukimwona mtoto mwenye dalili hizi, mjulishe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako leo, au mpeleke mtoto kituo cha afya kilicho karibu. Ikibainika kwamba lilikuwa jino tu, hakuna kilichoharibika. Mtoto atatibiwa jino na kurudi nyumbani.