Jina la Ukoo la Kijerumani: Anza na Ramani, Kamusi Baadaye

Tangu ndugu na jamaa wajue kwamba nasoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani, maswali hayaishi. Mmoja ana cheti cha ubatizo cha bibi yake kutoka Usambara, na kwenye nafasi ya baba pana jina la Mjerumani. Dada mwingine kaolewa Hamburg, anataka kujua hilo jina jipya kwenye pasi yake limetoka wapi. Wa tatu keshatoa hela yake mtandaoni, katumiwa karatasi ya kung'aa yenye simba, ngao na taji, pamoja na maelezo kwamba jina la babu yake ni adimu na ni la watu wakubwa. Huyu wa tatu ndiye aliyenitia hasira ya kuandika.

Basi nianze na yeye. Ujerumani nembo haikuwa mali ya jina. Ilikuwa ya mtu aliyepewa au aliyejichagulia, na ya kizazi chake. Kina Fischer ni familia chungu nzima zisizo na udugu wowote. Moja ikiwa na nembo yenye samaki, nyingine hazina haki nayo hata kidogo. Anayekuuzia "nembo ya jina lako" anakuuzia picha. Neno "von" nalo lisikubabaishe, maana kaskazini watu wa kawaida kabisa walilibeba kwa maana ya "wa kutoka" mahali fulani. Na majina kama Kaiser, König na Bischof, yaani kaisari, mfalme na askofu, mara nyingi yalianza kama utani: mtu aliyeigiza mfalme kwenye mchezo wa sikukuu, mtumishi wa askofu, au jirani mwenye makuu tu.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye tahajia. Jina ulilonalo huenda limepita kwenye masikio ya Waswahili vizazi viwili vitatu kabla ya kukufikia, kwa hiyo lirudishe kwenye Kijerumani kwanza. "Sh" yetu wao huandika sch. Ndivyo Schule ilivyokuja kuwa shule. "V" yetu ni w yao, na v yao mara nyingi hutamkwa "f". "Ts" ni z, "ai" ni ei, "oi" ni eu au äu, na -er ya mwisho husikika kama "a". Mzee anayemtaja Bwana Veba anamsema Weber. Shinaida ni Schneider. Baada ya hapo andika sura zote ambazo jina laweza kuchukua: Meyer, Meier, Maier, Mayer na Mayr hutamkwa karibu sawa. Kumbuka pia kwamba ü huandikwa ue pasipo na nukta, na makarani wengine walizitupa nukta zenyewe: Müller, Mueller, Muller.

Usidhani kuna tahajia moja "sahihi" iliyopotea. Tahajia haikuwa na mwenyewe mpaka serikali ilipoanza kusajili watu, Prussia kuanzia tarehe 1 Oktoba 1874 na himaya nzima ya Ujerumani kuanzia 1 Januari 1876. Kabla ya hapo mchungaji aliandika alivyosikia. Kule Saxony, ambako d na t hutamkwa karibu sawa, ndugu wa tumbo moja wangeweza kuandikwa mmoja Dietz na mwingine Tietz bila mtu kushtuka.

Ukishakuwa na orodha yako, usikimbilie kamusi. Hapa wengi wananipinga, lakini nashikilia: ramani kwanza. Kamusi itakwambia jina linaweza kumaanisha nini. Ramani itakwambia ni wapi lilimaanisha hivyo. Zipo ramani za bure mtandaoni. Moja inaitwa Geogen, na ipo kamusi kubwa ya kidijitali ya majina ya ukoo iliyoanzishwa na Akademi ya Sayansi ya Mainz mwaka 2012, inayotoa ramani, maelezo na hesabu ya wenye jina. Takwimu zake zinatokana na orodha ya simu za mezani za mwaka 2005, kabla watu hawajazitupa. Orodha hiyohiyo ndiyo iliyotumika kwenye atlasi ya majina ya Konrad Kunze na Damaris Nübling, iliyotoka kwa juzuu kati ya 2009 na 2018, na ndani yake mna majina tofauti zaidi ya laki nane. Simu moja ilikuwa ya nyumba nzima, kwa hiyo ukitaka kukadiria watu, zidisha idadi ya simu kwa karibu tatu.

Ukifungua ramani, chagua ile ya uwiano. Ramani ya idadi tupu itakuonyesha Berlin, Hamburg na München kwa karibu kila jina, kwa sababu huko ndiko waliko watu wengi. Ya uwiano huuliza jambo jingine: kati ya kila wakazi laki moja wa wilaya hii, wangapi wana jina hili? Hapo ndipo kijiji kinajitokeza.

Tuchukue jina tulilolikariri sote kwenye somo la historia, Rebmann, yule Johannes Rebmann wa misheni ya Rabai aliyeuona mlima Kilimanjaro mwezi Mei 1848. Ramani inalivuta jina hili kusini-magharibi, Baden-Württemberg. Mtu mwenyewe alizaliwa mwaka 1820 Gerlingen, pembeni kidogo ya Stuttgart, nchi ya vilima na mizabibu. Sasa ndipo fungua kamusi: Rebe ni mzabibu, Mann ni mtu. Ni jina la mkulima wa zabibu, na limekaa palepale zabibu zinapolimwa. Ramani na kamusi zikikubaliana namna hii, unaweza kulala usingizi. Kazi hiyohiyo sehemu nyingine ilizaa majina mengine: Winzer, Weingärtner, Wingerter, na Häcker kwa wale waliopalilia mashamba ya mizabibu kwa jembe. Kwa hiyo Rebmann halikwambii tu babu alifanya kazi gani, linakwambia pia alizungumza lahaja ya wapi.

Mwenzake, Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen, ana jina gumu zaidi. Krapfe katika Kijerumani cha kale ilikuwa kulabu, na pia andazi la kukaanga lililopewa jina hilo kwa sababu ya umbo lake. Je, babu wa kwanza alikuwa mkaanga maandazi, au alipinda mgongo? Ramani haiwezi kuamua hilo. Majina ya utani ndivyo yalivyo, na anayekupa jibu moja kwa uhakika kabisa mtilie shaka.

Majina ya kazi ndiyo yenye ramani tamu kuliko yote. Fundi mapipa ni Böttcher kaskazini na mashariki, Büttner ukifika Franken, Schäffler ukiingia Bavaria. Mfinyanzi ni Töpfer mashariki, Hafner kusini. Mwuza nyama ni Metzger kusini-magharibi na Fleischer upande wa Saxony. Konsonanti nazo husema: seremala wa kusini ni Zimmermann, wa kaskazini Timmermann, mpiga filimbi wa kusini ni Pfeifer, wa kaskazini Piper. Jina likiishia na -le, tafuta Swabia. Likiishia na -ow, tafuta Mecklenburg na Brandenburg, ambako vijiji vingi vina majina ya Kislavoni, na hiyo w haitamkwi. -sen hukupeleka mpaka wa Denmark.

Lakini ramani ya leo ina kovu moja kubwa. Baada ya 1945 Wajerumani kiasi cha milioni 12 walifukuzwa au walikimbia kutoka Silesia, Prussia Mashariki, Pomerania na Bohemia, wakamwagika nchi nzima. Jina la Breslau kule Silesia leo laweza kuonekana kidogo Bremen, kidogo Bavaria, kidogo Thuringia, lisiwe na kitovu popote. Ukiona madoa yametapakaa hivyo, usikate tamaa wala usiseme "halina asili". Nenda kwenye orodha za majeruhi na wafu wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapenzi wa nasaba wa chama cha Compgen wamezinakili, unazipekua bure, na askari wengi wameandikiwa mahali walikotoka. Hiyo ni ramani ya Ujerumani kabla haijapinduliwa.

Sasa huo uadimu aliouziwa yule wa tatu. Jina huwa adimu kwa sababu za kawaida kabisa. Huenda ni Schmidt aliyeandikwa vibaya na karani mmoja, na kosa likarithiwa. Huenda limetoka kwenye kitongoji cha nyumba chache. Vijiji vingi vya Ujerumani vilihamwa karne ya 14 na 15, baada ya tauni na mashamba kuchoka, na majina yakabaki kwa watu wakati kijiji chenyewe ni kichaka. Huenda ni la mgeni: Mhuguenoti aliyekimbia Ufaransa baada ya 1685, au Mpoland aliyekuja kuchimba makaa ya mawe Ruhr. Huenda ni la Kiyahudi. Wayahudi wengi walilazimishwa kuwa na jina la kudumu kwa amri, Austria mwaka 1787 na Prussia mwaka 1812, na baadhi walijitungia. Au ni msomi wa karne ya 16 aliyeona haya kuitwa jina la Kijerumani akalivalisha Kilatini au Kigiriki, kama Philipp Schwartzerdt alivyojiita Melanchthon. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayodai taji.

Faida ya jina adimu ni nyingine: linakurahisishia kazi mno. Mwenye jina lililobaki kwenye vijiji viwili anaweza kuanza kusoma vitabu vya kanisa wiki hii. Mwenye Müller, asipokuwa na kijiji na mwaka, namshauri atafute kwanza hivyo viwili, la sivyo atazeeka kwenye kompyuta.

Yapo maeneo mawili ambako jina la ukoo litakupoteza hata ukiwa nalo kamili. La kwanza ni Friesland Mashariki, ambako mambo yalikuwa kama kwetu, jina la pili ni la baba: Peter mwana wa Jan ni Peter Janssen, na mwanawe Hinrich ni Hinrich Peters. Amri ya kuacha desturi hiyo ilikuja mwaka 1811 chini ya Napoleon, na wengi hawakuitii haraka. Ukirudi nyuma ya hapo, acha kutafuta jina la ukoo, fuata jina la baba. La pili ni Westfalia. Huko jina lilikuwa la shamba. Mwanamume akioa binti mrithi na kuhamia kwao, alichukua jina la shamba la mkewe, kwenye daftari utamkuta na majina mawili yenye "gen." katikati, kifupi cha genannt, "aitwaye". Nimeona watu wakiufuta ukoo mzima wa baba kwa sababu hawakujua hizo herufi tatu.

Kwenye nyaraka, utaratibu ni huu. Ofisi ya usajili, Standesamt, huzuia vizazi kwa miaka 110, ndoa kwa miaka 80 na vifo kwa miaka 30. Ndani ya muda huo uwe mzao na uthibitishe. Ukipita, daftari huhamia kwenye hifadhi ya nyaraka na linakuwa wazi. Kabla ya usajili wa serikali unategemea vitabu vya kanisa: vingi vya Kiprotestanti viko Archion kwa malipo, vingi vya Kikatoliki viko Matricula bure. Jiandae na mwandiko wa Kurrent, ambamo e hufanana na n, na u huwekewa kikonyo juu ili isichanganywe nayo. Mwanamke naye mara nyingi aliongezewa -in mwishoni: mke au binti wa Rebmann aliandikwa Rebmännin. Hilo siyo jina jipya.

Kwa wenye babu aliyekuja Afrika Mashariki, nyaraka za jeshi la Prussia ndizo watu wanazokimbilia kwanza, na ndizo karibu zote hazipo tena, kwani hifadhi yake ya Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945. Nyaraka za wizara ya makoloni ziko Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, Berlin-Lichterfelde, fungu R 1001, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam, ina mafaili yake ya enzi ya Wajerumani. Kama alikuwa mmisionari, uliza alikuwa wapi: Kilimanjaro ilikuwa ya misheni ya Leipzig, ambayo nyaraka zake sasa ziko Halle, nyanda za kusini zilikuwa na misheni ya Berlin, Usambara ilikuwa ya misheni ya Bethel.

Na ukitaka nikusomee, usinitumie picha ya jina peke yake. Piga ukurasa mzima, uonyeshe pembe zote nne. Kila mchungaji alikuwa na n yake, na nitaitambua kwa kuiona kwenye maneno mengine aliyoyaandika siku hiyo.