Mazoezi ya Nyumbani: Chagua Kulingana na Lengo

Mkazi wa Suneka anayeketi dukani au kwenye bodaboda kutwa nzima, na anataka kupunguza uzito au kuteremsha presha, aanze kwa kutembea haraka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Mwendo uwe ule wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Kwenye vilima vya Kisii, jasho halichelewi.

Mkulima tayari hutoka jasho. Hata hivyo, jembe huchosha misuli ile ile kila siku, tena mgongo ukiwa umeinama. Yeye afanye mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki: kuchuchumaa na kuinuka, kisha pushapu, hata za ukutani.

Kwa wazee, hatari kubwa ni kuanguka. Wasimame kwa mguu mmoja karibu na meza ya kushika, na wainuke kitini bila kutumia mikono, siku 3 au zaidi kwa wiki.

Mwenye presha asizuie pumzi anapoinua kitu kizito. Kabla ya kuanza, amwombe mhamasishaji wa afya ya jamii ampime. Kifua kikiuma, aache mara moja na aende hospitali.