Mzazi Aliyepasuliwa na Maji ya Kuoga

Miaka michache iliyopita, baada ya sala ya alasiri, alitujia kijana mmoja wa mtaani kwetu akatuuliza suala lake kwa sauti ya chini, kama waulizavyo watu mambo ya majumbani mwao. Mkewe alikuwa amezaa kwa kupasuliwa. Siku ya 19 damu ikamkatika, naye akataka kuoga asali. Lakini kidonda kilikuwa hakijafunga vyema, na kwenye ncha yake moja kilikuwa kikitoka majimaji. Je, afanyeje? Sisi tulikuwa twaharakia darasa. Tukamjibu kwa yale tuliyoyahifadhi tangu utotoni, kwamba josho la faradhi halitimu ila maji yaenee mwili mzima, pasisalie hata mahali pa unywele mmoja. Akatushukuru akaenda zake, nasi tukafungua kitabu.

Yule bibi akaoga kama alivyoambiwa. Mama mkwe na majirani wakamsaidia kwa nia njema: wakamchemshia maji ya majani, wakamsugua, kisha wakamfunga mkaja wa leso juu ya tumbo ambalo lilikuwa bado bichi kwa maji. Siku ya tatu akashikwa na homa, kidonda kikatunga usaha, akarudishwa hospitali akalala siku 9. Alhamdulillahi alipona. Mumewe hakutulaumu hata kwa neno moja. Sisi ndio tuliojilaumu, kwani jibu tulilompa lilikuwa ni nusu ya jibu, na ile nusu ya pili imo katika vitabu vile vile tulivyokuwa tumevishika mkononi.

Na kisa hiki si kipya. Abu Dawud amepokea kwa Jabir kwamba mtu mmoja safarini alipigwa na jiwe likampasua kichwa, kisha akapata janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama yuko katika ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaioni ruhusa hiyo maadamu maji anayaweza. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa kuwa hawakuuliza walipokuwa hawajui. Wanavyuoni wa hadithi wana maneno juu ya baadhi ya mapokezi ya mwisho wa hadithi hii, lakini maana yake yakubaliana na aya za tayammum katika Suratun Nisaa na Suratul Maida, ambamo mgonjwa ametajwa kwanza, kabla ya msafiri na kabla ya asiyepata maji. Kila tusomapo hadithi hii sasa, twajiona miongoni mwa wale wenzake.

Basi tumeona yatupasa kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu wazazi wa namna hii wanazidi kuwa wengi. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2014 ulionyesha kuwa katika kila uzazi 100, kiasi cha 9 ulikuwa wa kupasuliwa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 17. Mila zetu za arubaini zilipangwa na mama zetu kwa ajili ya mwanamke aliyezaa kwa njia ya kawaida. Hawakuwa na kosa. Lakini aliyepasuliwa ana mambo mawili kwa pamoja: ni mzazi, na ni majeruhi. Amekatwa ngozi, na nyama, na tumbo la uzazi lenyewe, na kila tabaka limeshonwa. Mshono uonekanao nje ni ule wa juu tu.

Wako wasemao kwamba aliyepasuliwa hana nifasi, kwa kuwa mtoto hakutoka kwa njia yake. Na wako wasemao neno baya zaidi, kwamba huyo "hakuzaa, alizalishwa", kana kwamba kisu ni starehe. Hilo la pili halistahili jibu. Ama la kwanza, jibu lake ni kuwa damu yatoka katika tumbo la uzazi kwa njia yake ijulikanayo, sawa na wazazi wengine, na damu hiyo ndiyo nifasi. Damu itokayo katika mkato wa tumbo ni damu ya kidonda: ni najisi ya kusafishwa, wala haimzuii mtu kusali.

Nifasi hiyo katika madhehebu yetu ya Shafi haina uchache wa siku. Iliyo ya kawaida ni siku 40, na mwisho wake ni siku 60. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mzazi hukatikiwa na damu siku ya 20, akakaa siku 20 nyingine bila sala akingoja arubaini ya mtaa. Arubaini hiyo ni ya desturi. Damu ikikatika na akaona utohara, sala imemrudia siku ile ile, awe amezaa kwa kisu au bila kisu.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Tumewauliza madaktari na wakunga wa hospitali tunaowaamini, na twaandika waliyotufahamisha. Bandeji ya mwanzo aghalabu hutolewa baada ya siku moja au mbili, kwa amri ya hospitali. Baada ya hapo maji ya kupita hayamdhuru mzazi. Aoge kila siku, akiwa amesimama au ameketi juu ya kigoda, maji ya uvuguvugu yateremke kwa kata au kwa bomba. Kidonda apitishe maji na povu la sabuni nyepesi isiyo na manukato makali. Asikisugue kwa dodoki wala kwa kitambaa, wala asiyabandue magamba yake. Ambalo hatakiwi kulifanya ni kukaa ndani ya maji, iwe karai, beseni au bahari, mpaka kidonda kifunge kabisa.

Kisha akikaushe, na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Achukue kitambaa safi kikavu, kisichokuwa taulo la nyumba nzima, abonyezebonyeze taratibu bila kufuta. Mwanamke ambaye tumbo lake limekunjika juu ya mshono aliinue kwa mkono, akaushe chini yake, aache hewa ipite muda kidogo kabla ya kuvaa. Katika joto letu la Pwani, khasa wakati wa kaskazi, jasho hukusanyika mahali hapo mchana kutwa, na unyevu ndio unaokilegeza kidonda na kukaribisha usaha. Avae nguo za pamba zisizobana, na ukingo wa nguo ya ndani ukae juu ya mshono, usiwe juu yake hasa. Asitie kitu kidondani: si liwa, si majivu, si kahawa, si mafuta, si poda, ila dawa aliyopewa na tabibu wake.

Ama kukandwa kwa maji ya moto, tusemeni wazi: mzazi aliyepasuliwa asikandwe tumbo. Mkono ulio hodari kwa mzazi mwingine huweza kumtonesha huyu ndani na nje. Tena liko jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Ngozi iliyo kando ya mshono hufa ganzi kwa wiki nyingi, pengine miezi. Basi maji yanayounguza, yeye huyahisi ni vuguvugu tu, na ngozi hubabuka naye yuasema ongeza. Kumkanda mabega na mgongo kwa kitambaa cha vuguvugu hakuna ubaya, nako humpumzisha. Mguu je? Ukiwa umevimba, una joto na wauma khasa nyuma ya muundi, usikandwe hata kidogo, apelekwe hospitali siku ile ile, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kwa sababu hiyo hiyo madaktari humtaka ainuke na kutembea polepole tangu siku ya kwanza, hali sisi twamtaka alale kama mgonjwa wa tauni.

Mkaja hatuupigi vita. Hospitali nyingine hutoa mshipi wa kushikilia tumbo, nao humpunguzia maumivu anapotembea au kukohoa. Lakini uwe mkavu, uwe safi, usibane pumzi, na auvue alalapo. Na yule anayekalishwa juu ya chetezo chenye makaa ili afukizwe, tunamwombea mama mkwe wake huruma zaidi. Nguo zifukizwe udi, mwili uachwe.

Katika kustanji, apanguse na kuosha kutoka mbele kwenda nyuma, wala asiingize maji ndani kwa kudhani atasafika zaidi. Pedi au sodo abadilishe kila baada ya saa chache, akinawa mikono kwa sabuni kabla na baada, na sodo za nguo zifuliwe na kuanikwa juani, zisifichwe chini ya mvungu kwa haya. Damu huwa nyekundu mwanzoni, kisha hupauka. Ikirudi kwa nguvu hata pedi moja ikarowa kwa saa moja, au akitokwa na harufu mbaya, au akipata homa, au kidonda kikiwa chekundu, kikavimba, kikatoa usaha au kikafumuka, basi hapo si pa kumwita mganga wala sisi wa kumsomea. Ni pa kutafuta gari.

Huenda mtu akauliza, je, mzazi aliye ndani ya nifasi aoge kwa faida gani, na hali josho halimwondolei hadathi? Tumesikia hata wanaokataza. Jawabu ni la Asma binti Umais, mke wa Abubakar (r.a.). Alijifungua Dhul-Hulaifa mwaka wa 10 wa Hijra, katika safari ya Hija ya Kuaga, akapeleka mtu kumuuliza Mtume (s.a.w.) afanyeje. Aliamrishwa aoge, ajifunge kitambaa, na ahirimie. Basi mzazi wa siku ile ile, katika vumbi la safari, ameamrishwa maji. Nasi twamfungia mzazi wetu chumbani wiki nzima bila kuoga, tukaita hiyo ni hifadhi.

Tubaki na suala la yule kijana. Damu imekatika na kidonda bado. Kwanza aulizwe tabibu mwaminifu: je, maji yatamdhuru? Mara nyingi atasema hapana, na josho lake litakuwa la kawaida: nia, na maji kupita mwilini mote, hata juu ya mshono, kwa upole, kisha kukausha. Kusugua si sharti katika madhehebu yetu. Akisema ndiyo, kwamba maji yatazidisha maradhi au yatachelewesha kupona, udhuru huo umetajwa vitabuni kwa jina lake, wala haukungojea khofu ya kufa. Hapo ataosha mwili wote ulio mzima, ataacha mahali pa kidonda, na atatayamamu kwa uso na mikono badala ya mahali hapo. Aanze kwa lipi, ni khiari yake. Ikiwa juu ya kidonda pana bandeji isiyoweza kutolewa, ataipangusa kwa maji pamoja na hayo. Kwa kila sala ya faradhi atarudia tayammum maadamu udhuru upo, wala harudii josho. Kama bandeji ilifungwa hali hana tohara, katika vitabu vyetu mna maneno marefu juu ya kuzilipa sala hizo. Mwenye kupenda kujihadhari atalipa akipona, na wanavyuoni wengi wa madhehebu mengine hawakumlazimisha.

Udhu wa kila siku hauna tatizo lolote, kwani tumbo si kiungo cha udhu. Na akiumia kurukuu au kusujudu, asali ameketi juu ya kiti akiinama kadiri awezavyo.

Neno moja kwa waume. Josho likishapita, sharia imewahalalishia wake zenu; lakini mshono wa ndani hautazami josho. Madaktari aghalabu husema wiki 6, na baada ya hapo ni mpaka mwenyewe awe hana maumivu. Katika muda huo, ndoo ya maji ichotwe na ibebwe nanyi. Yeye hatakiwi kuinua kitu kizito kuliko mtoto wake.

Yule kijana tulimwendea nyumbani kwake, tukamweleza mbele ya mama yake kwamba jibu letu la mwanzo lilikuwa pungufu. Mama akanyamaza kidogo, kisha akatuuliza, "Sasa sheikh, zile sala alizoziacha alipokuwa amelala hospitali na homa?" Tukamjibu kwamba atazilipa, polepole, kwa kadiri ya nguvu zake. Tangu siku hiyo suala lolote la mwanamke mwenye kidonda hatulijibu tukiwa tumesimama. Na Alkhamisi ijayo, baada ya alasiri, mkunga wa hospitali atazungumza na mama zetu katika chumba cha darasa. Wakanda wazazi wa mtaani wamealikwa khasa, na wawili kati yao wameshatuambia kuwa watakuja na maswali yao.