Mbwa anakunywa maji kupita kiasi na tumbo limekuwa kubwa? Usikimbilie dawa ya minyoo

Najua wengi mnafuatilia hapa kwa ajili ya kuku na ng'ombe, lakini leo tumzungumzie mlinzi wa banda, yaani mbwa. Paka naye nitamgusa.

Mwaka jana nilikwenda kuangalia kuku wa mama mmoja. Wakati naaga akaniambia, "Mwanangu, hebu mwangalie na huyu mbwa. Nimempa dawa ya minyoo mara tatu, tumbo liko vilevile."

Kweli tumbo lilikuwa kubwa, lakini mgongo umekonda. Manyoya yamenyonyoka pande zote mbili za mbavu. Maji anakunywa bila kuchoka, anakojoa kila mahali. Nikauliza anatumia dawa gani, mama akatoa kopo la vidonge vya prednisoloni. Alipewa dukani kwa ajili ya muwasho, vikasaidia, basi akawa anarudi kununua. Miezi minane, kila siku!

Hapo mimi mwenyewe nikakosea. Nikamwambia, "Mama, acha hivyo vidonge leo hii." Siku ya tatu akanipigia simu: mbwa anatapika, hali chakula, hawezi kusimama.

Nini kilitokea?

Karibu na figo kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni iitwayo kotisoli. Homoni hii humsaidia mnyama kuhimili njaa, ugonjwa na mshtuko. Prednisoloni na deksamethasoni hufanya kazi kama kotisoli. Ukimpa mbwa kila siku kwa muda mrefu, mwili unajaa homoni na ndiyo maana tumbo linakuwa kubwa, misuli inaisha na kiu inazidi. Wakati huohuo tezi zake zinalala, kwa sababu kazi yao inafanywa na kidonge. Sasa ukikata ghafla, kidonge hakipo na tezi bado zimelala. Mbwa anaweza kufa.

Tulimkimbiza kwa daktari wa mifugo. Akawekewa dripu, akarudishiwa dawa ileile, kisha dozi ikapunguzwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Ngozi ilipopimwa, kumbe muwasho ulikuwa wa utitiri. Dawa ile ilituliza muwasho huku ikishusha kinga, utitiri ukaendelea kustawi. Mbwa alipona na manyoya yakarudi.

Je, dawa hizi ni mbaya?

Hapana. Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeukia mbwa mwenyewe na kuharibu chembe nyekundu za damu. Fizi zinapauka, mkojo unakuwa wa kahawia. Hapo daktari hutumia dawa hizi kuokoa maisha. Lakini babesia, inayoletwa na kupe, ina dalili kama hizo, kwa hiyo damu ipimwe kwanza.

Ufanye nini nyumbani

1. Pima maji. Jaza chombo kwa kipimo, baada ya saa 24 angalia yamebaki kiasi gani. Mbwa wa kilo 20 akinywa zaidi ya lita 2 kwa siku, kuna tatizo.

2. Usimnyime maji. Kiu hiyo inaweza kuwa ya kisukari, ya figo, au kwa jike, usaha kwenye kizazi. Hayo yote yanahitaji daktari.

3. Paka mzee anayekula sana huku anakonda apimwe kisukari na tezi ya shingoni. Paka aliyetumia prednisoloni muda mrefu anaweza kupata kisukari.

4. Andika kila dawa aliyopewa, sindano na vidonge, na tarehe zake. Nenda na karatasi hiyo kwa daktari.

5. Kama amekuwa akipewa dawa hizi kwa wiki kadhaa, usiongeze wala usikate mwenyewe. Daktari ndiye atapanga namna ya kupunguza.

6. Akijikuna, tafuta kwanza viroboto, kupe na utitiri.

Mimi ni afisa ugani, si daktari wa mifugo, na siku ile nilitakiwa kupiga simu kwanza kabla ya kumshauri mama yule. Usirudie kosa langu. Ukienda dukani kuomba dawa ya muwasho, uliza jina lake, itumike siku ngapi, na itaachwaje. Wakishindwa kukujibu, usinunue.

Ufugaji mwema!