Mwizi wa Betri

Mwaka jana nilimtengenezea nyanya kengele ya kumwamsha usiku kibanda cha vifaranga kikiingiwa na baridi. Nikafunga betri mpya ya volti 9. Siku ya 10 ikaisha, kengele ikanyamaza, na asubuhi tukazika vifaranga saba. Nyanya hakusema neno. Mimi nikashika kalamu nikapiga hesabu.

Ndani ya kengele kuna opampu, yaani chipu inayokuza tofauti ndogo ya umeme. Yangu ilikuwa 741, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1968. Hata isipofanya kazi, hula kama miliampia 1.7. Betri ile huweza kutoa miliampia 1 kwa saa 500 hivi. Basi 500 ÷ 1.7 ni saa 294, yaani siku 12. Mbona iliisha mapema? Kumbe kulikuwa na mwizi wa pili: rezista mbili za kugawa volti, jumla kiloomu 20! Hizo hula 9 ÷ 20, yaani miliampia 0.45. Jumla 2.15, saa 232 tu.

Dawa ni opampu kama MCP6041. Hula mikroampia 0.6 tu, na betri mbili za volti 1.5 zinaitosha. Ni ya polepole, lakini baridi nayo haiji mbio. Ila ukiacha rezista zile zile, zitakula mikroampia 150, mara 250 kuliko chipu! Weka za megaomu 1 kila moja.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wenzangu, haba na haba pia hukimaliza.